Siku Niliyoachiwa Meza ya Mitungi

Jumba la makumbusho ya viumbe kule Nairobi nimeliingia mara nne sasa, na kila nikitoka natoka na hamu ya kurudi. Wazee wenzangu hapa Maungu, karibu na Voi, wananishangaa. Wananiuliza ninafuata nini kwa wanyama waliokufa, na sisi wale walio hai wanatuingilia shambani bila hodi. Nawaambia nendeni mkaone kwanza. Hakuna aliyekwenda bado.

Katika safari zote hizo, ninayoipenda zaidi ni ile ya kwanza, ingawa sikwenda kutembea. Nilitumwa.

Kwanza niseme hili. Shule mimi niliishia darasa la tatu, lakini majina hayanipotei. Watoto niliokaa nao benchi moja nawakumbuka wote, na majina ya baba zao, na jina la mbwa wa mwalimu. Ndege, mti, jani, mdudu, ukinitajia mara moja basi, limeingia. Lakini mjukuu wangu aliniomba nisimtaje katika haya ninayoandika, na nikaona kumficha yeye halafu nikawaanika wengine si haki. Kwa hiyo humu hamna jina la mtu.

Mjukuu huyo ni mtoto wa pekee wa binti yangu. Binti yangu ana kibanda cha chai na mahamri hapa kando ya barabara kuu, pale malori yanapoegeshwa. Mume wake alifariki mtoto hajaota meno, na ni kibanda hicho kilichomsomesha yule mtoto kutoka chekechea hadi chuo kikuu. Chuo kikuu akasomea mambo ya viumbe. Binti yangu hakuelewa vizuri hayo ni masomo gani, lakini madereva wa malori aliwaambia ni kama udaktari.

Alipomaliza, mtoto akaingia kwenye lile jumba kujifunza kazi. Akawekwa katika chumba cha mitungi. Ndani ya kila mtungi wa kioo kuna mjusi au chura au nyoka amelazwa kwenye spiriti, na kazi yake ilikuwa kupangusa, kuongeza spiriti ikipungua, na kuandika vikaratasi vya kufunga mtungini. Alikuwa anapata nauli na chakula cha mchana, akingoja nafasi ya kuandikwa itokee. Mwaka ukaisha, wa pili ukaanza. Binti yangu akachoka kungoja. Akamwomba mwenye duka moja la vifaa vya ujenzi kule Voi, mtu wa bara ambaye hushuka kunywa chai kwake kila akielekea Mombasa, ampe binti yake kazi ya ukarani. Yule bwana akakubali, mshahara wa kila mwezi, ila akasema kiti hakiwezi kukaa wazi. Msichana awe amefika Jumatatu au atampa mwingine.

"Mama, nenda wewe," binti yangu akaniambia. "Mimi nikimpigia simu ananijibu vizuri, halafu hafanyi. Wewe anakusikia. Niletee mtoto wangu."

Nikamwambia nitamleta. Na nisikudanganye, sikuwa na shaka hata kidogo. Niliona msichana aliyesoma hivyo kukaa anaosha vyura waliokufa ni kumdhihaki mama yake.

Nikapika kimanga cha muhogo na maharagwe, nikakishindilia kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko, nikakitia kikapuni, nikapanda treni ya Nairobi pale Voi siku ya Ijumaa. Njiani nilikuwa napanga maneno. Nilipanga nianze na afya ya mama yake, nifuatie na umri wangu, kisha nimalize na mwenye duka.

Alinipokea stesheni. Yeye na mimi utani wetu ni wa nyanya na mjukuu, tunaitana mke mwenza. Kabla hajanishika mkono akaniuliza mume wetu nimemwachia nani.

"Nimemfungia na mbuzi," nikamwambia. "Wakati huu wanapigania blanketi."

Akacheka mpaka watu wakageuka. Akanichukulia kikapu, akasikia uzito wake, kicheko kikakatika. Nilidhani ni uchovu.

Asubuhi yake, Jumamosi, akanipeleka kwenye jumba lake. Ukumbini kuna ndovu. Mtu wa Voi na ndovu hamna haja ya kujulishana. Miguu yangu ilisimama yenyewe, na macho yakaanza kutafuta mtoto wake yuko upande gani, maana ndovu mwenye mtoto kwetu hupiti mbele yake. Mjukuu akanivuta mkono, akaniambia huyu hali mahindi tena. Nikamjibu kwamba babu yake aliwahi kusema maneno hayo hayo, na asubuhi tukakuta shamba limebaki mabua.

Kisha akanipeleka kwa ndege. Wamepangwa ndani ya vioo, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja ametua juu ya kijiti chake, wengi kuliko ninavyoweza kueleza. Pale nilisahau kabisa nilikuwa nimetumwa. Nilikuwa naona watu ninaowajua. Huyu akilia asubuhi mama yangu alikuwa anaanika mahindi, yule akilia alikuwa anaanua. Huyu ndiye aliyekuwa anatumalizia mtama kule mlimani nilikokulia, na sisi watoto tulikuwa tunashinda shambani tukimfukuza kwa kopo na kijiti. Nikawa nawaita mmoja mmoja kwa Kidawida, lugha yetu Wataita, kidole kwenye kioo, na mjukuu nyuma yangu anaandika kwenye karatasi, ananiomba niende polepole. Yeye kila ndege alimjua kwa Kiingereza na kwa lile jina refu la vitabu, lakini jina la nyumbani hakuwa nalo. Simlaumu. Amekulia barabarani kati ya malori, na Kidawida chake ni cha kuombea maji tu. Tulimaliza vioo vyote vya ukuta ule. Wawili tu ndio sikuwajua, na hao akaniambia ni ndege wa ziwani, si wa kwetu.

Siku za Jumamosi watoto wa shule huletwa kwa mabasi. Yeye kazi yake siku hizo ni kutoa mitungi michache kutoka chumbani na kuipanga mezani, barazani, watoto waone na waulize. Akanipa kiti cha plastiki kando ya meza. Mitungi ilikuwa sita. Kulikuwa na kinyonga, chura mdogo kama kifungo cha shati, nge mweusi, mijusi wawili. Mtungi wa mwisho ulikuwa na kitu nilichokijua hata kabla sijavaa miwani.

Watu wa tambarare hawamjui. Anaishi udongoni, kule kwetu Dawida juu, mahali penye unyevu, chini ya migomba na kando ya vijito tunapopanda nduma, yaani magimbi. Ni mrefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, mnene kama kidole, ana pingili pingili kama mnyoo, lakini mnyoo gani una mdomo na meno? Akiwa hai ana rangi ya buluu iliyokolea mpaka inakuwa nyeusi. Spiriti ilikuwa imemfifisha, amekuwa kama maji ya majivu. Mjukuu akaniona ninavyomtazama, akatabasamu, akasema huyo ni wa kwenu nyanya. Mara akaitwa na mtu ndani.

"Niangalizie meza, mke mwenza. Dakika kumi."

Watoto wakafika kabla hajarudi. Walikuwa kama thelathini, masweta mekundu, madaftari mkononi, na mwalimu wao nyuma kabisa anaongea na simu. Wakapita kinyonga, wakapita nge, wakasimama pale mwisho. Kitoto kimoja cha kike chenye pengo kikaniuliza, "Shosho, huyu ni nyoka ama ni mnyoo?"

Mimi nimeulizwa na mtoto. Nikamjibu nilivyofundishwa na mama yangu. Nikawaambia huyu ni mtoto wa nyoka ambaye hajafungua macho, na kwa sababu haoni, anauma chochote. Wakasogea. Nikawaambia sumu yake haiumi siku ile ile, inangoja. Wakazidi kusogea. Nikawaambia ukimfukua na jembe usiseme neno, mkate vipande vitatu, maana ukikata viwili vinaungana tena udongoni. Kisha ulipanguse jembe kwa jani la mgomba usije ukapeleka sumu kwenye nduma.

Madaftari yakafunguka. Wote thelathini wakaanza kuandika. Katika maisha yangu hakuna mtu aliyewahi kuandika nisemalo, isipokuwa karani wa hospitali akiniuliza umri. Nikakaa sawa kwenye kiti. Mvulana mmoja akauliza kama vile vipande vitatu vinatakiwa kuwa sawasawa. Nikamwambia cha kichwa kiwe kifupi. Mwingine akauliza kama panga linaweza kutumika. Nikamwambia panga ni la nyasi, hii ni kazi ya jembe. Wakaandika na hiyo.

Mjukuu wangu alirudi akasimama nyuma ya yule mvulana. Nilimwona anasoma daftari juu ya bega lake. Uso wake ukabadilika, akaniangalia, akaangalia daftari tena.

Sasa elewa jambo moja. Kwetu mtoto hamwambii mzee amekosea mbele ya watu. Atangoja mrudi nyumbani, na hata huko nyumbani atapitia kwa mtu mwingine, shangazi au mama mkubwa, ili lije kwako limepozwa. Lakini wale watoto walikuwa wanaondoka, basi lilikuwa linawangoja, na maneno yangu yalikuwa yamo kwenye madaftari thelathini. Kisha akazunguka meza, akachuchumaa kando ya kiti changu, akaniuliza kwa sauti ambayo watoto wote waliisikia.

"Nyanya, hebu nisaidie. Wewe umewahi kumwona akimuuma mtu?"

Nikafikiri. "Mimi? Hapana."

"Unamjua yeyote aliyeumwa naye? Jina lake tu."

Alijua anakonipeleka, maana anajua majina hayanipotei. Nilianza kutafuta. Watu walioumwa na nyoka upande wetu wa mlima, tangu nikiwa mtoto, ninao wote kichwani, na nyoka aliyemuuma kila mmoja, na alikuwa anafanya nini. Moma, swila, mmoja chatu, huyo alimviringa tu akamwachia. Nikawapitia mmoja mmoja, mdomo unatembea, watoto wananitazama. Nikafika mwisho.

"Hakuna," nikasema.

"Na umewahi kumkuta na watoto wake?"

Hilo sikulijibu haraka, kwa sababu nilikuwa nimewahi, na sikuwa nimemwambia mtu. Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Nilikuwa nalima nduma kando ya kijito, jembe likainua bonge la udongo, na chini yake nikamkuta amejikunja. Huyu hakuwa wa buluu, alikuwa amepauka kama aliyeugua. Juu yake walikuwa watoto, weupe, kama vidole vya mtoto mchanga, wamemtambalia mwili mzima, na midomo yao ilikuwa inafanya kazi. Walikuwa wanamla. Wanamla mama yao na yeye ametulia. Sikukata. Mkono ulikataa. Nikarudisha lile bonge polepole, nikaenda nyumbani, na siku hiyo sikulima tena. Mama mkwe wangu alikuwa amenifundisha kwamba mjamzito akiona kitu kibaya asikitaje, maana ukikitaja kinakufuata. Nikanyamaza. Nikajifungua salama, mtoto wa kike, na hata baada ya hapo nikaendelea kunyamaza, kwa mazoea.

Haya nikayaeleza pale barazani, mbele ya masweta mekundu. Nilipomaliza nikamwambia mjukuu, "Na niliyekuwa nimembeba ndiye mama yako."

Alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Nyanya, hawakuwa wanamuua," akasema. "Alikuwa anawalisha. Akizaa, ngozi yake ya juu inakuwa nene, inajaa mafuta, ni kama maziwa. Watoto wanaikwangua na vimeno vyao, na inaota nyingine. Watu wa vitabu wamelijua hili juzi juzi tu. Wewe ulikuwa umeliona mama hajazaliwa."

Akaendelea kunieleza kwamba huyu si nyoka kabisa, ni jamaa ya vyura, na chakula chake ni mchwa na minyoo, na sumu niliyoipangusa kwenye jembe miaka yote ilikuwa udongo tu. Yote haya aliyasema kana kwamba ananikumbusha kitu nilichokisahau. Kisha akawageukia watoto. Hakuwaambia wafute. Aliwaambia waandike kwamba leo wamekutana na nyanya kutoka Taita aliyemwona mama huyu akilisha watoto wake kwa macho yake mwenyewe.

Kalamu zikaanza kufuta zenyewe. Yule mvulana wa panga akaniangalia kwa masikitiko.

"Shosho, kwa hivyo tusikate?"

"Msikate."

"Hata viwili?"

"Hata kimoja."

Nilicheka, na wao wakacheka, lakini uso ulikuwa unaniwaka. Sikuwaza watoto. Nilikuwa nawaza wale niliowakata. Majina ninayaweza yote, lakini hao hawakuwa na majina, na wala sikuwa nimewahesabu.

Watoto walipoondoka nikagundua kuna mzee mmoja mwenye miwani amesimama mlangoni. Ni mkubwa wa chumba cha mitungi, ndiye anayemfundisha mjukuu wangu kazi. Alikuwa amesikia. Akavuta kigoda, akaniamkia vizuri, akaanza kuniuliza maswali ambayo sijawahi kuulizwa. Udongo ulikuwa mweusi au mwekundu. Mvua ilikuwa ya vuli au ya masika. Jembe lilikuwa limezama kiasi gani, nikamwonyesha kwa kiganja. Watoto walikuwa wangapi. Nikamjibu yote, kwa sababu kitu ambacho hujawahi kukisimulia hakichakai. Akaandika. Mwisho akaniuliza kwetu mdudu huyu anaitwaje. Nikamtajia. Akalisoma alivyoliandika, likawa limepinda. Nikamtajia tena, akafuta, akaandika upya, na mara ya tatu likanyooka. Mjukuu wangu akachukua kikaratasi cha mtungi, na chini ya yale majina marefu akaliandika kwa penseli lile jina letu la mlimani. Nililisoma. Kusoma kwangu ni kwa taabu, lakini hilo nililisoma mara moja.

Saa kumi alimaliza kazi, tukakaa kwenye benchi nje, penye nyasi. Tukala kimanga kutoka kwenye chombo kimoja, vijiko viwili, kimepoa na kitamu. Nikaona nisipoyasema sasa yatanishinda.

Sikuanza na afya ya mama yake wala umri wangu. Nilimwambia mama yako amenituma nikuchukue. Nikamweleza habari ya duka la Voi, mshahara, na ile Jumatatu. Aliendelea kula.

"Nilijua tangu stesheni," akasema. "Kikapu kizito hivyo kwa siku mbili tu? Nikajua umekuja kunibembeleza."

Halafu akaweka kijiko chini.

"Nyanya, wewe ukisema nirudi, nitarudi. Sitakubishia. Kesho nafunga mzigo."

Neno "rudi" lilikuwa tayari mdomoni, silaba mbili tu. Nilikuwa nimeahidi. Na nilikuwa namwona mama yake, nimeona mikono yake, kutoka kiganjani hadi kiwikoni ina madoa ya mafuta ya moto, na madoa hayo nayajua. Lile refu ni la mwaka mjukuu alipoingia sekondari, sufuria iliinama. Yale matatu yaliyofuatana ni ya mwaka wa mtihani wa kidato cha nne, alipokuwa anakaanga mara mbili kwa siku. Mwanamke yule alikuwa na haki ya kusema sasa inatosha, rudi nikuone. Nani angemkatalia?

Lakini nilikuwa pia nimemwona huyu alivyochuchumaa kando ya kiti changu. Angeweza kuniaibisha, na kazi yake ingemruhusu. Aliacha kuniambia, akaniuliza, mpaka nikafika mwenyewe. Nikajiuliza kule kwenye misumari na saruji hiyo akili yake ataitumia kwa nani.

"Mimi nilitumwa kusema, na nimesema," nikamwambia. "Kukuvuta mkono sikutumwa."

"Ulitumwa, nyanya."

"Basi nimeshindwa."

Aliegemea bega langu, mtu mzima yule, na tukakaa hivyo mpaka mlinzi akaja kutuambia wanafunga.

Jumapili nikarudi peke yangu. Nilipofika kibandani jua lilikuwa linaelekea kuzama na malori yameanza kujipanga. Binti yangu alikuwa anakanda unga wa mahamri ya kesho. Aliinua macho, akatazama nyuma yangu, akangoja aone kama kuna mwingine anayeshuka. Nikakaa kwenye benchi la wateja, nikamweleza yote kama nilivyoyaeleza hapa, isipokuwa jambo moja, na sikujipunguzia. Nilimwambia kwamba mtoto alikuwa tayari kurudi, na mimi ndiye sikusema neno.

Alikanda kwa nguvu zaidi. Akasema alimtuma mtu mzima, amemrudia na hadithi ya mnyoo. Akasema bado Jumatatu haijafika, atampigia simu mwenyewe, atamwagiza, na mtoto atakuja na treni ya kesho asubuhi. Simu ilikuwa mfukoni mwa aproni. Mikono ilikuwa na unga, na hakuipangusa.

Nikamwambia tu lile moja lililobaki, kwamba siku niliyomkuta yule mdudu na watoto wake, nilikuwa nimembeba yeye. Kwamba sikumwambia mtu kwa sababu niliogopa lisije likamfuata.

Akaendelea kukanda. Dereva mmoja akaja akaomba chai, akahudumiwa, akanywa, akaondoka. Ndipo binti yangu akauliza, macho kwenye unga, "Na ngozi ikishaliwa, yeye anabaki na nini?"

"Sijui. Sikuuliza."

"Umekwenda mpaka Nairobi na hukuuliza?"

Akajipangusa mikono, akatoa simu, akapiga. Akaiweka sauti kubwa kwa sababu ya malori. Nilisikia mtoto anaamkia, shikamoo mama, na nikasikia sauti yake ina woga.

"Marahaba. Huyo mdudu wenu," binti yangu akasema. "Ngozi ikishaliwa inakuwaje?"

"Inaota tena, mama. Baada ya siku chache."

"Na wanaila tena?"

"Wanaila tena."

"Yeye anakonda."

"Anakonda, ndiyo. Anapauka."

"Halafu?"

"Halafu watoto wanakomaa, wanaingia udongoni, kila mmoja na njia yake. Na yeye anarudi kula. Ananenepa, ile rangi yake inarudi."

Lori moja likapiga breki pale nje, tukangoja kelele ipite. Nilimtazama binti yangu. Alikuwa anaangalia barabara.

"Unakula vizuri huko?" akauliza.

"Nakula, mama."

"Kimanga kimebaki?"

"Kimeisha jana. Tulikimaliza na nyanya."

"Nyanya yako ana tumbo." Akahamisha simu sikio hadi sikio ingawa ilikuwa kwenye sauti kubwa. "Haya. Yule mwenye duka atapita hapa kesho. Nitamwambia mwenyewe."

"Utamwambiaje, mama?"

"Nitamwambia ampe mwingine hicho kiti."

Mtoto akaanza kusema kitu, lakini binti yangu alikuwa ameshakata. Aliirudisha simu mfukoni, akafunika unga kwa sinia, akavuta kile kiti kifupi anachokalia akikaanga, akaketi. Ilikuwa mara ya kwanza kuketi tangu nifike. Akaniambia nimmiminie chai, na nisitie sukari nyingi.